Kuku Mweusi Alikataa Sanduku

Nilipewa mwezi mmoja kuwafundisha kuku watatu adabu. Sifanyi mzaha. Mwenye nyumba alinisimamisha uani Jumapili moja, ametoka kanisani, kofia ingali kichwani, mkono mmoja umeshika Biblia na wa pili umeshika yai. Yai lilikuwa bado na joto. Alikuwa amelitoa katikati ya maua yake.

"Hii ni ya tano," alisema. "Ya tano, kwa maua yangu! Wamelala hapo mpaka mashina yamevunjika. Sasa sikiza. Mwisho wa mwezi niko na wageni. Kama hizi kuku zenu hazitakuwa zimejua mahali pa kutaga, ziende. Hii ni Nairobi, si ushago."

"Sawa, Mwalimu," nilijibu. Sote tulimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hata baada ya hapo hakuacha kufundisha. Nilijibu kwa ile sauti ya upole niliyokuwa nikiitumia kazini. Ndani nilikuwa nachemka. Kuku hasomi notisi. Kuku hajui mwisho wa mwezi ni nini. Aliyepewa notisi nilikuwa mimi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nyuma ya Adams Arcade, wakati nyumba za zamani zenye vigae vyekundu na nyasi pana zilipokuwa zinabomolewa moja moja ili gorofa zisimame. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa imebaki. Aliishi peke yake katika nyumba kubwa tangu mumewe afariki, nami nilipanga SQ yake, ile nyumba ndogo ya uani iliyojengewa watumishi enzi hizo: chumba kimoja, jiko la kugeukia tu, na choo nje. Kila asubuhi nilitembea kwa miguu hadi Hurlingham, ambako nilipokea wageni na kupiga chapa barua katika ofisi ya wakili. Maisha yangu yalikuwa yametulia. Ndipo mama yangu akaja na kuku.

Alikuja kutoka Vihiga na begi moja, kikapu kimoja, na ufunguo wa kufuli aliouning'iniza shingoni kwa uzi. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku watatu waliofungwa miguu: mmoja wa rangi ya udongo, mmoja wa madoadoa, na mmoja mweusi tititi. Baba alikuwa amezikwa miezi michache nyuma. Baada ya matanga shemeji zake walimketisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja wake mwenyewe, wakamwambia achague mmoja wao wa kumwangalia. Neno hilo, kumwangalia, watu wa kwetu wanalijua uzito wake: ni kumrithi mjane. Mama alikataa. Akaambiwa akafikirie. Akafikiria wiki nzima, akakataa tena. Msimu wa kulima ulipofika walilima mpaka mlangoni kwake, mahindi yakaota mahali alipokuwa akianika nguo. Hapo ndipo alipotia kufuli mlangoni akapanda basi.

Nilimuuliza siku ileile kwa nini aje na kuku. Niliuliza kwa ukali, kwa sababu nilijua Mwalimu hatapenda. Akaniangalia kama niliyemuuliza kwa nini amevaa nguo.

"Ng'ombe ni wao," alisema. "Shamba ni lao. Hata kile kiti walichonikalisha ni cha baba yao. Kuku ni wangu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Kuku ni mali ya mwanamke, na hakuna mwanamume, hata awe amelewa namna gani, anayenyoosha mkono juu ya kuku wa mke wa mtu bila kuuliza. Wale watatu walikuwa uzao wa kuku ambaye nyanya yangu alimpa mama siku ya kuolewa. Vingine vyote katika boma lile vilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo nilipomweleza maneno ya Mwalimu, akiwa anachambua sukuma wiki mlangoni, hakuinua hata kichwa.

"Kuku wakienda," alisema, "na mimi naenda."

"Utaenda wapi, Mama?"

"Kwani nyumbani ni wapi?"

Nyumbani kulikuwa na kiti cha plastiki na wanaume waliokuwa wakisubiri jibu. Akirudi sasa, tena bila hata kuku mmoja, wangesema Nairobi imemshinda, na mtu aliyeshindwa hapewi nafasi ya kukataa mara ya tatu. Nililijua hilo, na yeye alilijua zaidi yangu. Nikaapa palepale kwamba kuku wale watataga ndani ya masanduku, hata ikibidi niwasomee sheria.

Kesho yake nikitoka kazini nilipitia kwa mafundi wa vitanda wa kando ya Ngong Road, nikaokota vipande vya mbao walivyokuwa wamevitupa. Nyundo ilikuwa yangu. Niligonga masanduku matatu kwa mikono yangu, kidole gumba kikavimba, na sikumwita mtu. Kisha nikayapaka rangi ya buluu iliyobaki wakati Mwalimu alipopaka lango. Nikayapanga ukutani, usawa wa kifua, yakitazama jua, ili Mwalimu akichungulia dirishani ayaone bila kutafuta. Ndani nikatandika magazeti masafi. Nilijipongeza mwenyewe. Ofisini kwetu hapakuwa na rafu nadhifu kama ile.

Kuku walikuja wakatazama. Yule wa madoadoa aliinamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili, akaenda zake. Asubuhi tuliokota yai ndani ya karai la nguo nilizokuwa nimepiga pasi.

Nilitafuta ushauri. Kwenye duka la dawa za mifugo nilipata kijikaratasi cha maelezo ya ufugaji, nikakisoma ofisini chini ya meza. Kilisema kuku huvutwa kutaga mahali akiona pana kitu kinachofanana na yai. Wakili wangu alikuwa mtu wa gofu, na droo yake ilikuwa na mipira zaidi ya anayoweza kuipoteza. Nilichukua mmoja. Sikuuomba wala sikuurudisha, na leo hii siombi msamaha. Niliuweka ndani ya sanduku la kati, na Mama akasimama nyuma yangu mikono kiunoni.

"Unamdanganya mwanamke mwenzako na mpira?"

"Mama, hii ni sayansi."

Yule wa rangi ya udongo aliruka mpaka mdomo wa sanduku, akaugonga mpira mara mbili kwa mdomo wake, akausukuma nje. Mpira uliangukia saruji, ukadunda, ukabingirika uani mpaka kwenye ngazi za nyumba kubwa, mahali Mwalimu alipokuwa amekaa akinywa chai. Aliuinua, akautazama, akanitazama. Aliuweka kwenye kisahani kando ya kikombe chake akaendelea kunywa.

Kijikaratasi kilisema jambo lingine pia: okota mayai yote, mara kadhaa kwa siku, usibakishe hata moja. Hili nililifuata kwa bidii. Nilisaka kila kiota cha wizi walichojitengenezea. Nilikuta kimoja nyuma ya pipa la maji, kingine chini ya mti wa limau, na kingine ndani ya ua wa kayaba uliotutenga na jirani, ambako miiba ilinichora mkono mzima. Kila nilipokuta mayai nilibeba yote, nikavuruga nyasi, nikamwaga maji. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: wakikosa mahali pengine pote, watarudi kwenye masanduku.

Hawakurudi. Walihama. Kila nilipofagia kiota kimoja walihamia mbali zaidi na mahali pa siri zaidi, mpaka siku moja mlinzi wa jirani, ambaye jogoo wake alikuwa akivuka kayaba kila asubuhi kuja kwetu kutembea, alituletea mayai mawili ndani ya kofia yake. "Hizi ni zenu," alisema, akicheka. Wiki mbili zilikuwa zimeisha, na sasa kuku wangu walikuwa wanataga hata kwa majirani. Na yule mweusi hakutaga kabisa, au ndivyo nilivyodhani.

Jioni hiyo niligombana na mama yangu. Si ugomvi wa kuinua sauti tu, ule wa maneno ambayo mtu anayakumbuka miaka ishirini baadaye. Nilimwambia anakaa pale kutwa nzima, anaona ninavyohangaika, na hanyooshi hata kidole. Nilimwambia nimejiumiza gumba kwa ajili yake. Nilimuuliza, "Ama unataka kurudi kwa shemeji zako? Ama umeshachagua?"

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Mama aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika.

"Mimi sikuulizwa," alisema. "Umepewa amri na Mwalimu, ukaenda kwa fundi, ukaenda dukani, ukaenda kwa karatasi. Nimekaa hapa. Nimefuga kuku kabla hujazaliwa. Hukuniuliza."

Ilikuwa kweli, na ilinichoma. Watu wazima wenye suruali walikaa wakapanga maisha ya mama yangu bila kumuuliza, nikawalaani, kisha mimi mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, nikafanya hivyohivyo kwa rangi ya buluu. Nilikaa chini kwenye saruji kando yake. "Basi nakuuliza sasa," nilisema.

Alicheka, lakini si kwa furaha. Aliingia ndani akatoka na upawa wa kupakulia mchuzi na kipande cha makaa. "Unachukua yote," alisema. "Nani alikufundisha kuchukua yote? Kuku akirudi akakuta hakuna kitu, anajua mahali hapo pana mwizi. Hatarudi. Unamwachia moja. Na hushiki kwa mkono, mkono unanuka sabuni ya ofisi. Unachota na upawa. Ile unayoacha unaipiga alama ya makaa, ndio kesho ujue ni ya zamani usije ukaila."

"Karatasi ilisema..."

"Karatasi ni ya kuku wa gredi, wale wa kufungiwa. Hawa wana akili."

Kisha akayageukia masanduku yangu, na hakunionea huruma. Yako juu sana, alisema. Yanatazama jua. Yananuka rangi. Yanaonekana na kila mtu. "Wewe ungezaa hapo? Barabarani, watu wakikuona?"

Tuliyashusha tukayaingiza katika kibanda cha kuni kilichokuwa nyuma ya SQ, mahali penye giza. Tuliyaegemeza ukutani chini kabisa, tukatoa magazeti, tukaweka maranda ya mafundi na nyasi kavu juu yake. Mbele ya kila sanduku Mama alitundika kipande cha gunia, akaacha nafasi ya kuku mmoja kupenya. Ndani ya kila moja aliweka yai moja lenye mstari mweusi. Halafu akaweka sheria yake: kuku hawafunguliwi asubuhi mpaka saa nne, kwa sababu kuku wengi hutaga kabla ya hapo, na aliyefungiwa na kiota kizuri atamaliza haja yake pale. Mimi nilikwenda kazini. Yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda, ufunguo wake shingoni, akingoja saa nne.

Siku ya tatu nikirudi kutoka Hurlingham alinipungia upawa toka mbali. Wa madoadoa alikuwa ameingia. Siku ya tano akaingia wa rangi ya udongo. Mama alichota yai jipya, akaacha la alama, akafunika gunia. Nilitamani kwenda kumgongea Mwalimu mlango nimwonyeshe, lakini Mama alinikataza. Alisema mambo ya uzazi hayatangazwi.

"Na mweusi?" niliuliza.

"Mweusi ni mweusi," alisema, akabadilisha mazungumzo.

Ilinichukua wiki nyingine kujua. Alhamisi moja, siku mbili kabla ya wageni wa Mwalimu kufika, nilitoka kazini mapema nikamkuta Mama kando ya gari la marehemu. Hili gari lazima nilieleze. Lilikuwa la mume wa Mwalimu. Lilisimama upande wa kushoto wa nyumba, mgongo ukutani, limefunikwa turubai la kijani, na tangu azikwe hakuna aliyelifungua. Mwalimu alifagia majani kulizunguka lakini hakuligusa. Sasa mama yangu alikuwa amenyanyua kona ya turubai, anapenyeza kikopo cha maji kwenye dirisha la nyuma ambalo kioo chake kilikuwa kimeshuka kikakataa kupanda.

Niliinama nikachungulia. Kwenye kiti cha nyuma, juu ya koti la zamani la mwanamume, kuku mweusi alikuwa amejitandaza, mbawa zimeshuka, jicho moja linanitazama bila kupepesa. Alikuwa amelalia mayai. Ndani mlikuwa na giza na kimya, na joto la turubai, na hakuna mtu ambaye angemwona. Kila kitu ambacho masanduku yangu ya buluu hayakuwa nacho mwanzoni, gari lile lilikuwa nacho.

"Kumi na moja," Mama alisema. "Leo ni siku ya sita."

"Mama! Ulijua?"

"Nilimfungulia mwenyewe. Alikuwa anajigonga kwa mlango wa kibanda mpaka damu."

Nilimwambia atatuponza. Nilimwambia tumtoe jioni hiyohiyo, tumhamishe na mayai yake kwenye sanduku, na akigoma tumchinje, kuku mmoja si kitu. Mama alishusha turubai polepole, akalinyoosha kwa kiganja.

"Wawili wamekubali," alisema. "Huyu amekataa. Na mimi nilikataa. Unataka nimshike kwa nguvu nimkalishe mahali ambapo hataki? Mimi?"

Nilimpenda sana mama yangu wakati huo, na nilimwogopa, na niliogopa Jumamosi.

Jumamosi ilifika. Wageni walikuwa wanawe wawili wa Mwalimu, wanaume wa suti wanaoishi kwenye gorofa mpya za Kilimani, na mtu wa tatu mwenye utepe wa kupimia. Nyuma yao, nje ya lango, lori la kuvuta magari lilikuwa linanguruma. Nilikuwa nafua nguo uani, na nilisikia kila kitu, kwa sababu hawakujali kama nipo. Mkubwa alikuwa anaongea kama mtu anayemaliza mazungumzo ya zamani.

"Mathe, si tuliongea? Boma imekushinda. Uko peke yako, maua imekauka, SQ imejaa watu na kuku. Leo tunatoa hiyo gari, huyu jamaa apime, basi. Utapata gorofa safi na lifti."

Hapo ndipo nilipomwelewa Mwalimu. Maua, mayai, mwisho wa mwezi. Hakuwa anatuchukia. Alitaka wanawe wakija wakute kila kitu mahali pake, wakose la kusema. Sisi tulikuwa ushahidi dhidi yake, kutoka yai la kwanza.

"Kuku wako na nyumba yao," Mwalimu alisema, akiwa amenyooka. "Wanataga kwa sanduku. Nimeona kwa macho yangu." Sikujua alikuwa amechungulia kibandani. "Na maua haijakauka."

"Sawa, Mathe. Lakini gari inaenda."

Yule mkubwa alivuta turubai kwa mkono mmoja. Akafungua mlango wa nyuma.

Kuku mweusi hakukimbia. Alivimba mpaka akawa mara mbili ya ukubwa wake, akatoa sauti ile nzito ya chini ambayo mtu aliyefuga kuku akiisikia anarudisha mkono. Mtoto wa Mwalimu hakurudisha. Kuku alimdonoa kifundo cha mkono, damu ikatoka, yule bwana akaruka nyuma akakanyaga kiatu cha mtu wa utepe.

"Unaona?" alipiga kelele. "Unaona, Mathe? Kuku! Kwa gari ya Daddy! Kwa koti ya Daddy!"

Nilisimama na povu mikononi. Nilijua tumekwisha. Nilimtazama Mwalimu, na yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ndani ya gari, kwenye lile koti. Mama yangu alitoka kibandani, upawa bado mkononi, akasimama kando yake. Hawakuwa marafiki, wale wawili. Walikuwa wamesalimiana mwezi mzima kwa heshima na umbali.

"Amelalia siku ya nane, Mwalimu," Mama alisema. "Zimebaki kumi na tatu. Kosa ni langu. Kama ni kumtoa, mtoe wewe, mimi siwezi."

Lori lilinguruma nje. Kisha Mwalimu akamwambia mwanawe, kwa sauti ambayo bila shaka darasa la watoto hamsini liliwahi kuisikia likanyamaza:

"Funga huo mlango. Pole pole."

"Mathe..."

"Pole pole, nimesema. Gari haitoki. Iko na mtu."

"Basi itatoka lini?"

Mwalimu alielekeza kidole dirishani. "Muulize yeye."

Sijawahi kuona wanaume watatu waliovaa vizuri wakikosa la kusema kwa sababu ya kuku. Mtu wa utepe aliurudisha mfukoni. Mdogo alijaribu kucheka akaona hakuna anayecheka naye. Lori likaambiwa liende. Walipoondoka Mwalimu alirudisha turubai mwenyewe, akalivuta mpaka likakaa sawa, halafu akamuuliza mama yangu, kana kwamba mwezi ule wote haukuwahi kuwapo, "Anakula nini huyu?"

Mweusi aliangua vifaranga tisa kati ya mayai kumi na moja. Kwetu kuku akiangulia kwa mtu, mwenye mahali pale hupewa kifaranga, na Mama alimpa Mwalimu jike, wa kwanza kupasua ganda. Wanawe walirudi mara mbili mwaka huo. Kila walipokuja walikuta kuku fulani amelala garini, na Mwalimu akiwa ameketi kando kwenye kigoda, mpira wa gofu mfukoni mwa sweta yake, akiwaambia wangoje.

Mama hakurudi kwao mwisho wa mwezi. Alirudi alipotaka. Ilikuwa mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya msimu wa kulima, na alinitangazia asubuhi nikivaa viatu. Nilimpinga, nikamlilia, nikamkumbusha kile kiti. Aliningoja nimalize. Kwenye begi alikuwa na barua ya wakili kwenda kwa chifu, ya kuwazuia shemeji zake kulima uwanja wake, ambayo niliipiga chapa mwenyewe bila kosa hata moja. Kwenye kikapu alikuwa na wa madoadoa, wa rangi ya udongo, na mabinti zao wanne. Ufunguo ulikuwa shingoni. "Niliacha sufuria yangu juu ya mafiga," alisema. "Hukuniuliza niliacha nini." Mweusi alimwachia Mwalimu, kwa sababu huyo alikuwa ameshachagua.

Jioni nilirudi kutoka Hurlingham kwenye chumba kitupu. Nilikwenda kibandani, sijui kutafuta nini, nikafunua gunia la sanduku la kati, lile la buluu lililogongwa vibaya, lililonivimbisha gumba. Ndani, katikati ya nyasi kavu, palikuwa na yai moja lenye mstari wa makaa.

Sikulila. Lilipoanza kunuka nililitupa, nikachukua jipya garini kwa upawa, nikalichora mstari, nikaliweka palepale. Nilifanya hivyo tena, na tena. Mama alikuja Agosti, vumbi la safari miguuni, udongo wa shamba lake chini ya kucha, akapita mlangoni kwangu moja kwa moja hadi kibandani, akafunua gunia akatazama, kabla hajanisalimia.